UZI: Mwaka wa tatu na vitabu vya kale vya Magharibi, Aristotle amenikalisha. Waliopita njia hii mje

ZamuYaUsiku

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mlinzi, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, ghala moja hapa Tanga. Kwa hiyo muda wa kusoma ninao, msije mkaniambia nitafute muda.

Ilianza hivi. Mwaka juzi nilikwenda Dar msibani, siku ya kurudi nikapita Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chini. Nikaona kimoja kinene, jalada gumu, ukurasa wa kwanza una mhuri wa maktaba uliokwanguliwa kwa wembe. Jamaa akataka elfu kumi na tano, tukamalizana kwa elfu sita. Kumbe ni juzuu ya nne ya ule mkusanyo wa Britannica uliotoka Marekani mwaka 1952, juzuu 54, wenyewe waliona ukizimaliza hizo umesoma kila kilicho cha maana kutoka Ugiriki mpaka kwa Freud. Ya nne ni Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki, yaani tenzi zake mbili, Iliad na Odyssey, pamoja.

Elimu yangu kidato cha nne. Kiingereza changu ni cha kuombea kazi. Nikasema liwalo na liwe, nikaingia.

Kosa la kwanza nililifanya mapema. Ile tafsiri ni ya Samuel Butler, Mwingereza wa karne ya 19, na majina ya Kigiriki kayageuza yote ya Kirumi. Zeus kwake ni Jove, Athena ni Minerva, Odysseus ni Ulysses. Mimi nitajuaje? Muhtasari niliousoma kwenye simu ulisema mjanja wa Wagiriki ni Odysseus. Nikasoma kurasa zaidi ya mia namsubiri Odysseus atokee, huku kuna mtu anaitwa Ulysses anafanya ujanja kila anapofungua mdomo. Nikawa najiuliza, huyu naye mjanja, Odysseus akija itakuwaje?

Kosa la pili ni orodha. Nilichora kwenye daftari: Homer, wale wa tamthilia kina Sophocles, Herodotus na Thucydides wa historia, Plato na Aristotle wa falsafa, kushuka hivyo hivyo kwa miaka. Nikaapa siruki hata kimoja. Vingine navitoa Project Gutenberg, bure, gharama ni bando tu. Homer nilimmaliza kwa miezi saba. Sophocles nilimpenda sana. Herodotus ni mzee wa kijiweni, ana habari ya kila nchi, nyingine unaona kabisa hapa mzee anatupiga kamba. Plato nilikwenda naye kwa kusukumana. Sasa Aristotle. Mwezi wa tano huu nimo kwenye kitabu chake cha falsafa, Metaphysics. Neno mojamoja nalielewa, nikifika kwenye nukta sentensi yote imeshanitoka.

Swali langu ni dogo: niruke au nikomae?

Kibogoyo

Mkuu, unalinda ghala au unamlinda Aristotle? Wezi wa Tanga wakiusoma huu uzi umekwisha.

MwlKande

Kaka ZamuYaUsiku, mimi nafundisha fasihi sekondari, na nakujibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu: ruka, tena leo.

Ngoja nikueleze kwa nini anakutesa. Plato aliandika ili watu wasome. Vitabuni mwake mna watu, mna mzaha, mna mtu anakasirika na kutaka kuondoka. Aristotle naye aliandika mazungumzo ya kusomwa na watu, ila hayo yamepotea, tumebakiwa na vipande. Haya tuliyonayo yanafanana na maandishi ya mwalimu anayokwenda nayo darasani. Wewe unasoma daftari la mwalimu bila mwalimu, halafu umeanza na lile gumu kuliko yote, vitabu 14 vilivyounganishwa na watu baada yake. Hata aliyezaliwa na Kiingereza anasota hapo.

Nenda kwenye kile cha maadili, Nicomachean Ethics, tena usianzie mwanzo. Anzia kitabu cha nane na cha tisa, anazungumzia urafiki. Anasema kuna rafiki wa manufaa, rafiki wa raha, na rafiki anayekupenda kwa jinsi ulivyo. Hao wawili wa kwanza, manufaa yakiisha au raha ikiisha, urafiki nao kwisha. Humo humo anataja msemo wa kwao kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wale chumvi pamoja. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Kwetu mtu akila chumvi nyingi ameishi miaka mingi, kwao wakila pamoja wamejuana. Chumvi ile ile, ila sisi tunahesabu umri na wao wanahesabu marafiki.

Hilo la orodha nitarudi nalo, kengele imelia.

MpembaMuscat

Assalamu alaykum. Mwalimu kanitangulia lakini naongeza. Ndugu, usijione mjinga kwa hiyo Metaphysics. Ibn Sina, yule ambaye kitabu chake cha utabibu kilifundishwa Ulaya kwa karne nyingi, ameandika mwenyewe katika habari za maisha yake kwamba alikisoma kitabu hicho mara arubaini mpaka akakihifadhi kwa moyo, na bado hakukifahamu. Akakata tamaa, akasema hiki hakina njia.

Siku moja alasiri yuko soko la vitabu, dalali anamnadia kitabu. Akakikataa. Dalali akamwambia kinunue, mwenye kitabu ana shida ya pesa, nakupa kwa dirhamu tatu. Akakinunua basi tu. Kumbe ni maelezo ya al-Farabi, mwanafalsafa aliyemtangulia, juu ya kitabu kile kile. Akarudi nyumbani mbio akakisoma, na kwa vile matini alikwisha kuyahifadhi, yote yakamfunguka. Kesho yake akatoa sadaka kwa masikini.

Sasa wewe umesoma mara ngapi? Una thelathini na kitu zimebaki. Rudi Posta, wale jamaa huenda wanacho cha dirhamu tatu.

ZamuYaUsiku

Sheikh, umenipa nguvu kuliko chai ya tangawizi. Mara moja na nusu tu nimesoma. Nimelifunga, naenda kwenye urafiki.

JogooWaMtaa

Wazee, mimi niko Nairobi na nitauliza lile swali ambalo kila mtu analikwepa. Kwani lazima? Mwaka 1968 Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika pale Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe, Afrika iwekwe katikati na hao wengine wafuate. Hawakusema Shakespeare achomwe. Walisema asiwe ndiye mwanzo wa kila kitu. Leo naona ndugu yetu amekaa getini usiku anajilaumu kwamba hajui Aristotle, kitu ambacho hata hao Wazungu wenyewe wengi hawajui. Nani alikuambia hiyo ndiyo orodha ya mtu aliyesoma? Si ni kampuni iliyokuwa inauza vitabu?

Na ukiendelea na daftari lako utafika kwa Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani. Huyo alisimama mbele ya wanafunzi Berlin akawaambia Afrika haina historia. Hakuwa amekanyaga huku hata siku moja. Utamsoma ukiwa umekaa vipi?

Kibogoyo

Atamsoma akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkuu, ndicho walinzi wanachopewa.

ZamuYaUsiku

Jogoo, hoja yako nimeilala nayo, yaani nimekesha nayo. Ni kweli ilikuwa biashara, na kampuni ilizungusha mawakala nyumba kwa nyumba. Lakini mimi sikuuziwa na wakala, nimeokota Posta. Na sijasoma ili niitwe msomi, hapa getini hakuna wa kuniita.

Nitakwambia kilichonishika. Herodotus alizaliwa Halicarnassus, ambapo leo ni Bodrum, Uturuki. Mtakatifu Augustino alizaliwa Thagaste mwaka 354, leo ni Algeria, na uaskofu wake wote ulikuwa Hippo, hapo hapo Algeria. Yule wa kuungama kwamba utotoni waliiba mapeasi ya jirani usiku, wala hawakuwa na njaa, mengine wakawatupia nguruwe. Huyo ni Mwafrika wa kaskazini, nyie mnamwita wa Magharibi. Nani aliyegawa?

Hegel nikimfikia nitamsoma nikiwa nimenuna. Sijaona sheria inayosema kitabu lazima ukisome ukiwa unatabasamu.

JogooWaMtaa

Hapo kwa kununa tumeelewana. Sijaondoka, niko hapa nasoma.

BintiMvita

Na mimi niingie, maana nasikia Magharibi, Magharibi, kama kwamba watu hao hawakuwa na habari yetu.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Paradise Lost, utenzi wa Mwingereza Milton juu ya Adamu na Hawa, nilianza kuisoma mara tatu nikaiwacha, ule mstari wake mrefu, kitenzi unakitafuta kama pete mchangani. Mara ya nne nikaamua sifuati mpango, nafungua popote. Nikafungukia kitabu cha kumi na moja. Malaika Mikaili amempandisha Adamu juu ya mlima anamwonyesha falme za dunia zitakazokuja, moja baada ya moja, Samarkand, Beijing, Agra, halafu naona: Mombaza, na Quiloa, na Melind, na Sofala. Nikasoma tena. Mombasa, Kilwa, Malindi! Kitabu cha mwaka 1667, mtu kipofu anamtamkia karani wake huko London, na Baba Adamu anaonyeshwa kwetu kabla hajafukuzwa bustanini. Nilimwita mama jikoni nikamsomea. Akaniuliza, "Lamu je?" Nikamwambia Lamu hakuitaja. Akarudi kwenye mahamri yake.

Kutoka hapo nikatafuta wapi Milton kayatoa majina haya, nikaelekezwa kwa Mreno, Camões, utenzi wake Os Lusíadas wa mwaka 1572, safari ya Vasco da Gama. Huo ndio usomeni, watu wa pwani, ila mshike roho. Sisi wa Mvita ndio wabaya wa hadithi. Tunapanga kuwaangamiza, Bacchus, mmoja wa miungu ya Kirumi aliyoitia humo, anakuja kwetu kujifanya padri na madhabahu ya uongo, na Venus, mungu wa kike, na mabinti wa baharini wanazisukuma merikebu kwa vifua zisiingie bandarini. Malindi ndio watu wema! Mfalme wa Malindi anakaa anasikiliza historia nzima ya Ureno, sehemu tatu za utenzi, bila kupiga miayo. Hapo ndipo nilipojua huyu Camões atungia uongo, hakuna mfalme wa kuvumilia mgeni hivyo.

Jogoo, mimi nakubaliana nawe kuhusu katikati. Lakini kuna milango ambayo tayari ina jina lako juu yake. Ingia kwa huo.

MwlKande

BintiMvita kanifikishia lile la orodha. Kaka, mpango wako wa miaka unakufanya usome kama unapanda ngazi, ukikwama kipandio kimoja hakuna kusonga. Shika ulichonacho tayari.

Wewe uko Tanga, kwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Kusadikika bila shaka uliisoma shuleni. Sasa chukua utetezi wa Socrates, mwalimu wake Plato, ule Plato aliouandika, ni mfupi, usiku mmoja unatosha. Viweke viwili hivyo sambamba. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Socrates anashtakiwa kwa kuwaharibu vijana na kutoiamini miungu ya mji. Karama anapewa siku sita, kila siku anasimulia habari ya mjumbe mmoja aliyetumwa akarudi na mema, akalipwa mateso. Socrates ana siku moja tu, umri miaka 70, na haombi huruma. Akishaonekana na hatia anaulizwa apendekeze adhabu yake mwenyewe, anasema kwanza nilishwe bure na mji kama mnavyowalisha washindi wa Olimpiki! Karama anashinda, Socrates anakunywa sumu. Mimi kila mwaka nawauliza wanafunzi kwa nini mzee Shaaban alimwachia wake aishi. Hawajawahi kunipa jibu moja, na mimi sina langu ninaloliamini miaka miwili mfululizo.

Kibogoyo

Sasa mwalimu, sisi ambao Kiingereza kilituacha kituoni? Vya Kiswahili vipo?

MwlKande

Vipo, vichache, na kuvipata dukani ni kazi. Mwalimu Nyerere alitafsiri viwili vya Shakespeare, Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi wa mwaka 1969. Tazama hilo jina. Angeweza kusema "mfanyabiashara", akachagua "mabepari", na kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth na Tufani, na kwa Wagiriki akamchukua Sophocles, Mfalme Edipode. Cha Orwell, Shamba la Wanyama, ni cha Fortunatus Kawegere, 1967, hicho bado utakikuta kwa wauza vitabu vya mitumba. Homer kwa Kiswahili, mzima, sijawahi kumshika mkononi.

Halafu Kibogoyo, ukimpata yeyote, soma kwa sauti. Hili nalisema kwa wote. Homer alikuwa wa kuimbwa. Yale marudio yanayochosha, Achilles wa miguu myepesi, alfajiri yenye vidole vya waridi, kuna Mmarekani, Milman Parry, alikwenda Yugoslavia miaka ya 1930 akawarekodi waimbaji wa huko, akaonyesha kwamba maneno kama hayo ni msaada wa mwimbaji, yanajaza mizani huku kichwa kinatafuta mstari unaofuata. Mtu aliyesikia utenzi ukighaniwa halimshangazi hili. Na kama mnataka kicheko, mmoja wa tendi zetu za kale kabisa zilizobaki, wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, mhusika wake mkubwa ni Herekali, yaani Heraclius, mfalme wa Wagiriki wa Kostantinopoli. Hawa watu tulishawaimba.

MpembaMuscat

Nitoe tahadhari moja kwa Waislamu wenzangu watakaofuata njia hii. Mtafika kwa Dante, mshairi wa Italia. Mwanzoni atawafurahisha, amewaweka Ibn Sina na Ibn Rushd mahali pa watu watukufu wasioadhibiwa, pamoja na Homer na Aristotle. Halafu wimbo wa 28 wa Jahannamu yake una maneno juu ya Mtume wetu ambayo siyaandiki hapa. Mimi nilifunga kitabu miezi minne. Nilirudi baadaye nikakimaliza, nikaona ni fundi, na kwa hilo sijamsamehe. Yote mawili ninayo. Nawaambia ili msishtukizwe.

JogooWaMtaa

Heshima, mzee. Hivi ndivyo nilitaka mtu aseme.

BintiMvita

Ukitoka kwa Dante na moyo mzito, nenda kwa Cervantes. Yeye alikuwa mateka Algiers miaka mitano, na bado katika Don Quixote, sehemu ya kwanza, sura ya tisa, hadithi inamkatikia panga zikiwa juu, atafuta inavyoendelea, na anaikuta wapi? Soko la Toledo, mtoto anauza madaftari makuukuu yaliyoandikwa kwa Kiarabu. Kampata mtu wa kumtafsiria, malipo zabibu kavu na ngano. Kwa hiyo riwaya kubwa ya Wahispania, kwa mzaha wa mwenyewe, imetungwa na Mwarabu na kununuliwa kwa wauza makaratasi. ZamuYaUsiku, ndugu yako huyo.

Kibogoyo

Zabibu na ngano! Mkuu ulipigwa, elfu sita nyingi.

ZamuYaUsiku

Wakuu, narudi baada ya wiki kadhaa. Urafiki wa Aristotle nimeumaliza, daftari la orodha nimelifanya la kuandikia namba za magari yanayoingia. Lakini nimekuja kusimulia jingine.

Huku getini niko na mzee mmoja, namwita Babu, umri wake ungeshamtoa kazini. Nikafuata ushauri wa mwalimu wa kusoma kwa sauti, ila yeye Kiingereza hajui, ikabidi nisome mstari kimoyomoyo halafu niuseme kwa Kiswahili. Nilianza na kitabu cha pili cha Iliad kwa makosa, orodha ya merikebu za Wagiriki zilizokwenda vitani Troy, ile iliyotaka kuniua mwaka juzi: fulani wa mji fulani kaja na merikebu arubaini, fulani na hamsini. Babu akasikiliza yote. Akasema hiyo ni kama kusoma waliochangia harusi, ukiacha jina moja ni ugomvi.

Juzi tukafika cha 24, cha mwisho. Kwa mliokuwa hamjakisoma, hakuna farasi wa mbao humo, vita haviishi, kitabu kinaishia mazikoni. Achilles, shujaa wa Wagiriki, amemuua Hector wa Troy na maiti kakatalia nayo. Mzee Priam, baba mtu, anaondoka usiku kwenda kambini kwa adui kumkomboa mwanawe. Mungu mmoja anamsindikiza na kuwalaza usingizi walinzi wa lango. Hapo Babu akanisimamisha: "Hao walinzi asubuhi walifukuzwa?" Nikamwambia hawakutajwa tena. Akasema ndivyo inavyokuwa.

Nikaendelea. Priam anaingia, anapiga magoti, anaibusu mikono iliyowaua wanawe. Nikamhesabia alichobeba: majoho kumi na mawili, mashuka kumi na mawili, nguo nyingine kumi na mbili kumi na mbili, talanta kumi za dhahabu, masufuria manne, na kikombe kimoja alichokuwa anakipenda. Babu kimya. Halafu akaniambia, bila kunitazama, kwamba shemeji yake alifia hospitali moja, hesabu ikawa kubwa, wakazuiliwa maiti siku nne. Waliuza mbuzi, wakauza mabati yaliyokuwa ya kuezekea, wakakopa.

Akaniuliza, "Huyo aliyeizuia alimpa?"

Nikamsomea. Achilles analia naye, anaagiza maiti ioshwe na kupakwa mafuta, na katika zile nguo za fidia anaacha majoho mawili na kanzu moja visichukuliwe, ili marehemu afungwe navyo arudishwe kwao.

"Kwa hiyo sanda alimtolea."

Nikasema ndiyo, ila kutoka katika mali ile ile ya baba mtu.

Babu akawasha tochi akaenda kuzunguka uzio, ingawa zamu ya kuzunguka ilikuwa yangu. Aliporudi akasema, "Sisi sanda tulinunua wenyewe."